Nafasi ya chuo kikuu isiyo na masharti: Tuipokee kwa hadhari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao mwema hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo huingia majumbani mwetu kwa furaha kubwa kabla halijapimwa. Jambo hilo ni barua ya chuo kikuu, hususan cha Uingereza, inayomwambia kijana ambaye bado hajafanya mtihani wake wa mwisho kwamba amekwisha kukubaliwa, na kwamba vyovyote atakavyofanya katika mtihani huo, nafasi yake iko palepale. Hiyo ndiyo iitwayo nafasi isiyo na masharti. Zipo familia za Kiislamu zenye asili ya mwambao wetu zinazoishi London na miji mingine ya nchi hiyo, na zipo nyingine zilizoko Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa ambazo hupeleka watoto wao huko kusoma. Zote hujikuta mbele ya swali moja: Je, kijana aikubali barua hiyo?

Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo. Nafasi ya namna hiyo si haramu wala si aibu, na inafaa kuipokea ikiwa somo ni lile analolitaka kijana na chuo ni kile kinachomfaa. Lakini haifai kuipokea kwa sababu tu inampunguzia mzigo wa mtihani. Na hata pale inapofaa, kijana anayeipokea hana ruhusa mbele ya nafsi yake, mbele ya wazazi wake wala mbele ya Mola wake kulegeza jitihada aliyoianza.

Desturi mbili za kupokea wanafunzi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili lahitaji maelezo kidogo, maana desturi yetu ni nyingine. Nchini Tanzania, mwanafunzi hufanya kwanza mtihani wa Kidato cha Sita unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, kisha matokeo yakishatoka ndipo huomba kujiunga na vyuo kwa kufuata taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu. Nchini Kenya vilevile, mwanafunzi hupangiwa chuo baada ya alama zake za KCSE kujulikana. Kwetu sisi, matokeo hutangulia na nafasi hufuata.

Nchini England mambo hupinduka. Mwanafunzi hutuma maombi yake kupitia shirika moja liitwalo UCAS, miezi mingi kabla ya mtihani wake wa A-Level, naye huruhusiwa kuchagua hadi kozi tano. Walimu wake huandika alama wanazokisia kuwa atazipata. Vyuo husoma maombi hayo, kisha hujibu kwa njia tatu: ama humkataa, ama humkubali kwa sharti la kufikia alama fulani, ama humkubali bila sharti. Matokeo yenyewe hutoka katikati ya mwezi wa Agosti, na hapo ndipo mwenye masharti hujua kama ameyatimiza.

Zamani nafasi zisizo na masharti zilikuwa na mahali pake panapoeleweka. Alizipata mtu mzima ambaye alimaliza shule miaka mingi iliyopita na matokeo yake anayo mkononi. Alizipata mwanafunzi wa sanaa aliyepimwa kwa kazi zake za mikono. Huko Scotland hadi leo ni jambo la kawaida, kwa kuwa wanafunzi wengi hufanya mtihani wao wa Higher mwaka mmoja kabla ya kumaliza shule, hivyo huomba chuo wakiwa na alama zao tayari. Katika hali kama hizo, kumkubali mwanafunzi bila sharti si upendeleo wala mtego, kwani sharti lenyewe amekwisha kulitimiza.

Lililobadilika ni pale vyuo vilipoanza kuwapa nafasi hizo vijana wa miaka 18 ambao mtihani wao ulikuwa bado uko mbele. Kwa mujibu wa takwimu za UCAS, mwaka 2013 nafasi walizopewa vijana hao wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini zilikuwa 2,985 tu. Kufikia mwaka 2018 zilikuwa zimefika 67,915, na karibu mwombaji mmoja kati ya kila wanne alikuwa amepata angalau moja. Je, katika miaka mitano tu vijana walikuwa wamezidi kwa akili kiasi hicho?

La hasha. Sababu zilikuwa za kibiashara. Mwaka 2012 ada ya chuo kikuu nchini England ilipandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na ada hiyo ikawa ndiyo tegemeo kubwa la mapato ya vyuo. Kufikia mwaka 2015 serikali ilikuwa imeondoa ukomo wa idadi ya wanafunzi ambao kila chuo kingeruhusiwa kuwapokea. Wakati huohuo idadi ya vijana wa miaka 18 ilikuwa ikipungua. Hivyo vyuo vikawa vingi sokoni na wanunuzi wachache, na kila chuo kikatafuta njia ya kumnasa mwanafunzi mapema kabla hajanaswa na jirani.

Nafaka iliyolowa chini

Hatusemi haya ili kuvidhalilisha vyuo. Chuo nacho kina walimu wa kulipa na majengo ya kutunza. Hata hivyo Uislamu umetufundisha kwamba biashara, hata ikiwa ya elimu, ina adabu zake. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikagusa unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, alijibiwa kuwa mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo katika mwendo wake.

Tuliangalie sasa lile lililofanywa na baadhi ya vyuo katika miaka hiyo. Mwanafunzi aliandikiwa barua yenye masharti ya alama, kisha akaambiwa kwamba masharti hayo yataondolewa iwapo atakifanya chuo hicho kuwa chaguo lake la kwanza. Ukiutia mkono katika rundo hilo utagusa unyevu. Barua inayojitangaza kuwa haina masharti ilikuwa na sharti zito kuliko yote, nalo ni kumtaka kijana aufunge moyo wake mapema, awaache wengine wote, tena akiwa na umri wa miaka 17 au 18. Baadhi ya vyuo viliongeza juu yake vishawishi kama hakikisho la malazi au msaada mdogo wa fedha.

Serikali yenyewe ya nchi hiyo haikuridhika. Mwezi Aprili 2019, waziri wa elimu wa wakati huo, Damian Hinds, aliviandikia vyuo 23 akivitaka viache mtindo huo. Mwaka uliofuata, ulimwengu ulipokumbwa na maradhi ya korona, chombo kinachosimamia vyuo vikuu vya England, Office for Students, kiliweka marufuku ya muda iliyoanza Julai 2020 hadi Septemba 2021. Kisha mwezi Machi 2022 umoja wa vyuo vikuu vya nchi hiyo ukatoa mwongozo wa uadilifu katika kupokea wanafunzi, unaokataza nafasi za namna ile ya hila na kuzibakisha zile zisizo na masharti kwa hali maalumu.

Msomaji anaweza kuuliza, ikiwa mlango huo ulifungwa, kuna haja gani ya kuuandika? Haja ipo. Kwanza, mwongozo ni ahadi ya hiari, na soko halijapungua ukali. Pili, nafasi zisizo na masharti bado zipo, nyingine za haki kabisa, na kijana bado atapaswa kuamua. Tatu, hila zikifungiwa mlango mmoja hutafuta mwingine, hususan kwa wanafunzi wanaotoka nchi za nje, kama tutakavyoona.

Uzi uliosokotwa ukafumuliwa

Madhara ya nafasi hizo yalijitokeza pale mtihani ulipofika. Takwimu za UCAS za miaka hiyo zilionesha kwamba miongoni mwa vijana waliokwisha kukubali nafasi zisizo na masharti, takriban theluthi mbili walipata matokeo yaliyo chini ya makisio ya walimu wao kwa madaraja mawili au zaidi. Kwa wale waliokuwa na masharti, waliopungukiwa hivyo walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Aidha, mwezi Oktoba 2019 Office for Students ilieleza kwamba miongoni mwa walioingia chuoni kwa A-Level baada ya kukubali nafasi zisizo na masharti, kiwango cha kuacha masomo baada ya mwaka wa kwanza kilikuwa juu kwa takriban asilimia 10 kuliko ilivyotarajiwa.

Tuwe waadilifu katika kuzisoma takwimu hizi. Walimu wengi hukisia alama za juu kuliko zinazopatikana, ndiyo maana hata wenye masharti wengi wao hupungukiwa. Na ongezeko la asilimia 10 juu ya kiwango kidogo si gharika. Wengi walioipokea nafasi hiyo walisoma, wakahitimu, wakaendelea na maisha yao. Lakini tofauti ipo, nayo inatuambia jambo ambalo wazazi wetu walilijua bila takwimu: mwanadamu akiondolewa haja ya kujitahidi, aghlabu hupunguza mwendo.

Katika Suratun-Nahl, Aya ya 92, Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake hadi ukawa imara, kisha yeye mwenyewe akaufumua ukarudi kuwa nyuzinyuzi. Aya hiyo imekuja kuhusu viapo na ahadi, nasi hatuitoi mahali pake. Twasema tu kwamba mfano wake una mafunzo kwa kila mwenye kuharibu mwishoni kile alichokijenga mwanzoni. Kijana aliyesoma tangu darasa la kwanza, akavuka mitihani yote, akafika miezi mitatu ya mwisho kisha akaviweka vitabu chini kwa kuwa chuo kimemwambia hana haja ya alama, ni msokotaji aliyeufumua uzi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo watakaosema: Alama hizo zina kazi gani ikiwa chuo kimekwisha kumchukua? Zina kazi kubwa. Alama za A-Level humfuata mtu. Wapo waajiri wanaoziuliza hata baada ya mtu kupata shahada. Kijana akigundua baada ya mwaka mmoja kwamba somo halimfai na akataka kuhamia chuo kingine, chuo hicho kitaangalia alama zake. Na zaidi ya karatasi, yale aliyoyaacha kuyasoma katika miezi ile ndiyo msingi wa mhadhara wake wa kwanza. Mwanafunzi wa uhandisi asiyemaliza hesabu zake za sekondari hatazikuta zikimngoja chuoni. Atawakuta wenzake wamekwisha kumtangulia.

Wanaoitetea nafasi hiyo

Si haki kuutaja ubaya wa jambo tukauficha wema wake. Wapo vijana ambao nafasi isiyo na masharti kwao ilikuwa rehema. Yupo anayemuuguza mzazi wake huku akijiandaa na mtihani. Yupo aliyefiwa katika mwaka wa mwisho wa shule. Yupo ambaye hofu ya mtihani humkosesha usingizi na chakula. Kwa vijana kama hao, kuondolewa mzigo huo kunaweza kuwa ndiko kunakowawezesha kusoma kwa utulivu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupewa hiari kati ya mambo mawili ila alichagua lililo jepesi zaidi, maadamu si dhambi. Dini yetu haikusimamishwa juu ya kujitesa.

Tena mwaka 2020 uliwapa watetezi wa nafasi hizi hoja nzito. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, na alama zikakokotolewa kwa kanuni ya kompyuta. Matokeo yalipotangazwa tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya alama zilikuwa zimeshushwa chini ya zile walizopendekeza walimu, na vijana wengi wenye masharti wakajikuta wamepoteza nafasi zao pasipo kosa lao. Serikali ilibatilisha uamuzi huo tarehe 17 Agosti, lakini katika siku hizo nne majumba mengi yalilia. Mwenye nafasi isiyo na masharti alilala usingizi wake.

Hoja hizi tunazikubali, na ndiyo maana hatusemi kwamba nafasi hii ikataliwe moja kwa moja. Tunachokikataa ni kuifanya kuwa kipimo cha ubora wa chuo au cha thamani ya kijana. Wahenga wetu walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Barua ni mlango. Somo, walimu, mji, gharama na mazingira ya dini ndiyo nyumba yenyewe, ambayo kijana ataishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi.

Mambo ya kupima kabla ya kujibu

Kwa hiyo tunazinasihi familia zizingatie mambo yafuatayo kabla ya kutoa jibu.

Kwanza, kijana ajiulize swali hili: Lau kama vyuo vyote vitano vingenikubali kwa masharti sawa, ningekichagua hiki? Jibu likiwa ndiyo, basi kuondolewa masharti ni neema ya ziada, naye aipokee na kushukuru. Jibu likiwa hapana, basi ajue kwamba anauza matamanio ya miaka mingi ili anunue utulivu wa miezi michache. Wazee walituusia: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, aielewe kanuni ya UCAS. Mwenye nafasi zenye masharti huweza kushika mbili kwa pamoja: moja ya kwanza, na nyingine ya akiba endapo ya kwanza itamponyoka. Lakini anayeithibitisha nafasi isiyo na masharti kuwa chaguo lake la kwanza haruhusiwi kuwa na ya akiba. Baadaye akibadili nia, njia ya kujiondoa na kutafuta miongoni mwa nafasi zilizobaki ipo, ila nafasi ile aliyoiacha haikumngoja. Huku kuna uzito ambao barua yenyewe haiutaji.

Tatu, asome kila mstari wa maandishi madogo. Je, msaada wa fedha ulioahidiwa ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Je, malazi yaliyohakikishwa yana bei gani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, akikubali, akubali kwa nia ya kutimiza. Suratul-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha waumini kutekeleza mikataba yao, na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi tumefunzwa kwamba Waislamu husimama juu ya masharti waliyowekeana. Si adabu ya Muislamu kushika nafasi kwa mzaha huku akijua hatakwenda, na ilhali mwenziwe aliihitaji nafasi hiyo.

Kwa familia zilizoko Afrika Mashariki

Hapa pana jambo ambalo tungependa wazazi wetu wa nyumbani walishike vizuri. Kwa mwanafunzi atokaye nje ya Uingereza, maneno bila masharti yana maana finyu zaidi. Aghlabu humaanisha kuwa chuo kimeridhika na vyeti vyake. Hayamaanishi kuwa safari imekamilika. Bado kuna malipo ya awali ya ada ambayo vyuo vingi huyadai kabla ya kutoa hati ya uthibitisho inayohitajika kwa ajili ya viza. Bado kuna ushahidi wa fedha, ambazo hutakiwa ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo. Bado kuna cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachotakiwa kwa wakazi wa Tanzania na Kenya wanaokwenda kukaa huko zaidi ya miezi sita. Bado kuna malipo ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo. Na juu ya yote hayo, bado kuna afisa wa viza mwenye uwezo wa kusema hapana.

Mzazi anayeuza kiwanja siku aliyoipokea barua, kabla hajauliza ni kiasi gani cha malipo ya awali kitarudishwa endapo viza itakataliwa, amepanda jahazi bila kuuliza habari za pepo. Ulizeni hilo kwa maandishi, na jibu mlipate kwa maandishi. Qur'ani Tukufu imetufunza kuandikiana hata katika deni baina yetu wenyewe, seuze baina yetu na watu walioko ng'ambo ya bahari.

Aidha, tuwe macho na mawakala. Wapo walio waaminifu na wenye kuwasaidia watu. Lakini mzazi afahamu kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Wakala anaposema kwamba chuo fulani kimempa mtoto nafasi bila masharti na hivyo aharakishe kulipa, mzazi ana haki ya kumuuliza: Wewe unalipwa na nani, na umewahi kututajia chuo usicholipwa nacho? Mtu mwaminifu hatakasirishwa na swali hilo.

Kuhusu mikopo ya ada, kwa wale wanaoishi Uingereza na wanaostahiki kukopeshwa na serikali, tunagusia tu. Mikopo hiyo hutozwa riba, na Aya za Suratul-Baqara juu ya riba ni maarufu kwa kila mmoja wetu. Mwaka 2017 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyofungua njia ya mkopo mbadala usio na riba, lakini utekelezaji wake ukaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Sisi hatutoi fatwa katika safu hii. Tunachosisitiza ni kwamba swali hilo aulizwe mwanachuoni mwenye elimu kabla ya nafasi kukubaliwa, si baada ya mkataba kutiwa saini. Barua isiyo na masharti huja mapema na hudai jibu mapema, hivyo huweza kuiburuta familia ndani ya deni ambalo haijalitafakari.

Mashauriano ya nyumbani

Limebaki suala la nani anaamua. Katika baadhi ya nyumba zetu baba huamua peke yake, na kijana hupewa taarifa. Katika nyingine kijana huamua peke yake, na wazazi hupewa bili. Njia zote mbili haziafikiani na mafundisho tuliyopewa. Suratush-Shura imewasifu waumini kwa kuwa mambo yao ni ya kushauriana. Na tunajua kwamba kabla ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliwakusanya Masahaba akataka rai zao. Yeye alielekea kubaki Madina, lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kushiriki Badr, walitaka kutoka. Akaisikiliza rai yao, akavaa mavazi yake ya vita, na alipokwisha kuazimia hakurudi nyuma. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alikaa na vijana akawasikiliza katika jambo la uhai na mauti, sisi ni nani hata tusimsikilize binti yetu anapotueleza kwa nini anataka kusomea uuguzi katika mji fulani na si sheria katika mji mwingine?

Katika mashauriano hayo mzazi ana mengi ya kuchangia ambayo kijana huyasahau. Je, karibu na chuo upo msikiti? Yapo maduka ya chakula cha halali? Wapo ndugu au jamaa wa kumtazama akiugua? Kijana naye anayo ambayo mzazi hayajui: hali ya soko la kazi, sifa za idara, na zaidi ya yote, moyo wake mwenyewe unaelekea wapi. Tusiwasukume watoto wetu waikubali barua ya kwanza ili tupate la kusema harusini. Wala tusiwalazimishe kuikataa kwa sababu jirani amesema vyuo vinavyotoa nafasi bila masharti ni vya hali ya chini. Rai ya jirani haitakaa katika chumba cha mhadhara.

Baada ya kushauriana, kijana asali rakaa mbili za Istikhara, kama Mtume (S.A.W.) alivyowafunza Masahaba katika Hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari. Kisha aamue, na amtegemee Mwenyezi Mungu. Lakini kumtegemea Mungu kumefungamana na kumfunga ngamia, kama alivyoelekezwa yule mtu katika Hadithi ya Tirmidhi. Na kamba ya kumfungia ngamia huyu ni kitabu.

Neno letu kwa vijana

Kwenu nyinyi vijana wetu mlio na barua hizo mikononi, tunasema: Hongereni. Mmeaminiwa kabla ya kujaribiwa, na kuaminiwa ni amana. Suratul-Inshirah katika Aya yake ya saba inamuelekeza Mtume (S.A.W.) kwamba anapomaliza shughuli moja asimame kwa juhudi katika nyingine. Haikumuelekeza alale. Chuo kimewaondolea sharti la alama, lakini hakina uwezo wa kuwaondolea sharti la Mola wenu, ambaye imepokewa na Al-Bayhaqi kwamba Anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu.

Basi ingieni katika chumba cha mtihani kama kwamba barua ile haikuandikwa. Mkishinda, mtakuwa na nafasi na alama kwa pamoja, na hakuna atakayewaambia kwamba mliingia chuoni kwa kuhurumiwa. Na nyinyi mliokosa barua ya namna hiyo, mkabaki na masharti yenu na hofu ya mwezi Agosti, msijione wanyonge. Sharti hilo ndilo linalowaamsha alfajiri baada ya Sala kufungua vitabu, na huenda ndilo lenye kheri kubwa kwenu. Mchumia juani hulia kivulini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Awape watoto wetu elimu yenye manufaa, Awaongoze katika machaguo yao, Awakinge na deni linalovunja migongo na njia za mkato zinazovunja azma, na Atujaalie sisi wazazi hekima ya kuwasikiliza na kuwaongoza. Amin.

Wabillahi tawfiq.